Walingoja Jembe kwa Miezi Mitatu

Msomaji mpenzi, ukipanda matatu ya Lungalunga pale Likoni, ukapita Waa, Tiwi na Ukunda, pengine utamkuta kijana wa Kizungu au wa Kijapani amebanwa baina ya gunia la mahindi na mama mwenye kikapu cha samaki. Usiharakishe kusema kuwa huyu ni mtalii aliyepotea. Mtalii hushuka Ukunda, akashika njia ya Diani kwenda ufukweni. Huyu anaendelea na safari: Gazi, Msambweni, pengine hata Vanga mpakani. Hapo ujue umeketi na mtu aliyeacha kwao akaja kufanya kazi ya kujitolea, hana mshahara ila posho ya chakula na nauli.

Jambo hili si geni. Mwaka 1958 Mwingereza Alec Dickson na mkewe Mora walianzisha shirika la VSO. Mwaka 1961 Rais John F. Kennedy wa Marekani akaunda Peace Corps, na miongoni mwa nchi za mwanzo kabisa kupokea vijana wake ilikuwa jirani yetu Tanganyika, iliyoletewa wapima ardhi na wahandisi wa barabara. Kenya ikafuata katikati ya miaka ya sitini. Wajapani nao wakaanzisha shirika lao mwaka 1965. Waulize wazee waliosoma katika shule za harambee. Si ajabu wakakutajia mwalimu wao wa hesabu au sayansi aliyetoka ng'ambo.

Lakini leo sina nia ya kukueleza habari za mashirika. Nataka kukusimulia siku tano za mwezi wa Mei mwaka 2006, kwani nilikuwapo.

Wakati huo nilikuwa nikifundisha Kiswahili kwa vijana wa shirika moja la ng'ambo. Utaratibu wa mashirika mengi unafanana. Vijana hufika kwa pamoja, wakakaa miezi miwili au mitatu wakijifunza lugha, mila na kazi. Hula pamoja, huugua tumbo pamoja, hucheka makosa ya wenzao. Kisha hutawanywa, mmoja mmoja, kila mtu na kijiji chake. Baada ya miezi mitatu mingine huitwa tena mahali pamoja kwa warsha. Safari hiyo warsha ilikuwa Diani, kwa sababu iliyo wazi kwa mtu yeyote wa pwani: mwezi wa Mei ni wa masika, watalii wamekwenda zao na vyumba vya hoteli vinakodishwa kwa bei ya kutupa.

Sasa, mmoja wa wanafunzi wangu, msichana kutoka Kanada, alikuwa amepangiwa shule moja ya msingi upande wa Msambweni, na kwa bahati akapewa chumba nyumbani kwa mama yangu mzazi. Siku moja kabla ya warsha mama alinipigia simu kwa simu ya jirani.

"Mwanangu," akasema, "huyu mtoto amefunga mizigo yote. Chandarua amekunja, picha za wazazi wake amebandua ukutani. Mtu anayekwenda mkutanoni siku tano hachukui chandarua. Nimemkosea nini?"

Sikuwa na jibu.

Niliwakuta Diani jioni ya Jumapili wakiwa kumi na wanne. Nakwambia, ungedhani ni ndugu waliopoteana vitani! Walikumbatiana, wakapimana kwa macho nani amekonda. Aliyetoka Kinango alikuwa akitia maneno ya Kiduruma katika kila sentensi. Aliyetoka Vanga alikuwa na Kiswahili kitamu cha Kivumba kilichonitia wivu mimi mwalimu wake. Walisimuliana habari za vyoo, za panya, za matatu kukwama matopeni, za kuposwa mara saba kwa wiki moja. Walicheka mpaka mlinzi akaja kuwaomba wapunguze sauti.

Asubuhi yake kicheko kilikwisha. Mkufunzi alibandika karatasi kubwa ukutani akamwomba kila mmoja aandike kazi aliyofanya kwa siku tisini. Kimya. Feni ilizunguka, mvua ikapiga makuti. Hatimaye yule wa Kinango akasimama akaandika: "Nimekunywa chai." Wenzake hawakucheka. Mmoja baada ya mwingine wakakiri: hakuna. Mwenye ujuzi wa maji hajapelekwa kisimani. Muuguzi amekuwa akipanga mafaili. Na msichana wa kwetu akasema kuwa mwalimu mkuu humpa kiti kivulini kila asubuhi, akamwagizia chai na mahamri, basi. Akiomba kipindi cha kufundisha huambiwa, "Pumzika kwanza." Nyumbani nako mama hakumruhusu ateke maji wala aguse ufagio.

Wakati wa mapumziko aliniita kando. "Mwalimu," akaniambia, "wewe ulitufundisha kuwa mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nimengoja jembe miezi mitatu. Nimeelewa kuwa hawanitaka. Ijumaa nitaomba nirudishwe kwetu."

Msomaji, niliona haya. Ile methali niliiandika ubaoni kwa mkono wangu, na nikawatahini wakapita wote. Nilichosahau kuwaambia ni kwamba kwetu methali hiyo husemwa kwa mzaha, na tena nyuma ya mgongo wa mgeni. Ni nani pwani hii atakayethubutu kumkabidhi mgeni jembe mkononi? Mwenye nyumba angeonekana hana adabu.

Huenda ukauliza, kwani mikutano kama hii ina faida gani zaidi ya watu kukumbukana? Kwa maoni yangu, siku mbili za mwanzo zina faida moja tu, nayo ni kubwa: kila mmoja aligundua kuwa si yeye peke yake aliyeshindwa. Lakini pana hatari pia. Wageni wakiachwa peke yao hujijengea kisiwa. Kufikia Jumanne usiku walikuwa wamekwisha kukubaliana kuwa wenyeji ndio wabaya.

Kilichookoa mambo ni kuwa siku ya Jumatano walikuja wenyeji wenyewe. Shirika lilikuwa limealika mtu mmoja kutoka kila kituo: mwalimu, mkunga, karani wa ushirika. Wakatengwa katika ukumbi mwingine, nami nikawa mkalimani baina ya kumbi mbili. Kule nako nikasikia malalamiko. "Huyu wetu hatuambii anajua nini." "Tulingoja aanze, hakuanza." Mwalimu aliyetoka shule ya msichana wa kwetu, mtu mzima mwenye kofia ya kiua, akasema: "Sisi tulidhani amekuja kutukagua. Mtu anayekaa kivulini kila siku na daftari, akiandika, utampa darasa la nne watoto sabini?"

Daftari lile lilikuwa la misamiati.

Alasiri wakaunganishwa. Siwezi kusema walielewana papo hapo, la hasha. Palikuwa na maneno makali, na karani mmoja alisusa chai. Lakini yule mwalimu alipoelezwa habari ya jembe alishika kichwa, akacheka hadi machozi, kisha akasema, "Basi Jumatatu uchukue darasa la nne. Na la tano."

Alhamisi tulipelekwa kijiji kimoja kati ya Diani na Msambweni kuona pampu ya maji. Ukiiona utadhani si kitu: mpini, bomba na sakafu ya saruji. Kumbe ni aina ya Afridev, na sehemu kubwa ya majaribio yake ilifanywa pwani hii hii ya kusini katika miaka ya themanini, katika mpango wa maji wa Kwale ulioshirikisha shirika la KWAHO. Kabla ya hapo pampu ikiharibika watu walingoja fundi atoke mbali, wakirudi kuchota maji ya vidimbwi yenye kichocho. Pampu hii iliundwa makusudi ili wanakijiji wenyewe waweze kuitengeneza. Akina mama wawili wenye leso viunoni waliifungua mbele yetu kwa spana moja, wakavuta vyuma vya ndani, wakabadilisha mpira uliochakaa, wakaifunga. Yule kijana mwenye ujuzi wa maji alikodoa macho. Mama mmoja akamgeukia, akampa spana: "Haya, nawe ufungue."

Siku hizi vijana wa namna hii wamepungua. Peace Corps walisimamisha kazi nchini mwaka 2014 kwa sababu za usalama, na Machi 2020 korona ilifanya shirika hilo liwarudishe kwao vijana wake wote duniani, wapatao 7,000. Wengine wanaokuja Diani ni wa muda mfupi, kama wale wanaosaidia kuwalinda mbega. Lakini ikiwa nyumbani kwako utaletewa mgeni wa kazi, au mwanao akipelekwa kufundisha mbali na nyumbani, kumbuka ile siku ya Jumatano. Mwulize mgeni anajua nini, tena wiki ya kwanza. Usimwache ateketee kwa chai.

Ijumaa hiyo hapakuwa na barua ya kuomba kurudi Kanada. Nilimsindikiza hadi kituo cha matatu Ukunda na chandarua chake, kisha nikampigia mama kumweleza kosa langu la methali. Alinyamaza kidogo. "Kumbe alitaka jembe," akasema.

Kesho yake jioni simu ya jirani ikalia tena.

"Mwanangu, huyo mwanafunzi wako nimempa jembe apalilie. Ana malengelenge mikono yote miwili, na amenikatia mihogo mitano. Mwambie kesho ateke maji tu."