Mapovu ya tangi la samaki yanafanya kazi gani?

Siku hizi si ajabu kuingia katika nyumba ya Muislamu mjini ukakuta sebuleni tangi dogo la vioo lenye samaki wa rangi, na ndani yake mapovu yanapanda mfululizo kutoka chini. Watoto huyapenda na wageni huyaangalia. Ukimuuliza mwenye nyumba mapovu yale ni ya nini, mara nyingi atakujibu kuwa samaki wanayavuta kama sisi tunavyovuta hewa. Sivyo.

Samaki hupitisha maji kinywani yakatokea kwenye matamvua, na matamvua ndiyo yanayochukua oksijeni iliyoyeyuka ndani ya maji hayo. Oksijeni yenyewe ni kidogo mno. Maji baridi yenye joto la nyuzi 20 hubeba kiasi cha miligramu 9 tu kwa lita moja. Yakifika nyuzi 30, joto ambalo si geni katika nyumba za pwani wakati wa kaskazi, hushuka hadi kama miligramu 7 na nusu. Na joto hilo hilo linalopunguza oksijeni ndilo linalomfanya samaki aihitaji zaidi.

Sehemu kubwa ya oksijeni huingia kwa juu, pale maji yanapokutana na hewa. Povu lenyewe hupanda haraka na halina muda wa kuyeyusha kitu kikubwa. Kazi yake ni kuyabeba maji ya chini yaliyochoka na kuyafikisha juu, na kuutikisa uso wa maji ili ule utando wa mafuta na vumbi uvunjike. Kwa hiyo asikudanganye muuzaji kwamba pampu yenye kelele ndiyo bora. Tazama uso wa maji. Ukiona unatikisika wote, pampu inatosha. Samaki wenye mapezi marefu aina ya beta wao huja juu na kuvuta hewa kabisa, tena mkondo mkali huwachosha, hivyo wapewe mapovu machache.

Umbo la chombo nalo lina maneno yake. Chukua bakuli la mviringo lenye upana wa sentimita 24 katikati na sentimita 12 mdomoni. Ukilijaza mpaka mdomoni, uso wa maji unakuwa robo tu ya ule ambao ungeupata kwa kulijaza nusu. Lakini ukilijaza nusu maji yanakuwa machache na uchafu unakolea upesi. Kwa maoni yangu bakuli la namna hii lifae kuwekewa matunda, na samaki anunuliwe tangi la mstatili, pana kuliko kina chake.

Dalili ya kukosa hewa ni samaki kujazana juu na kufungua vinywa. Hutokea zaidi karibu na Alfajiri, maana mimea ya ndani ya tangi hutoa oksijeni mchana penye mwanga, lakini usiku nayo huitumia. Anayeamka kuswali na apitishe jicho. Hata hivyo, dalili hiyo hiyo huletwa na amonia, taka ambayo samaki huitoa kupitia matamvua, na mapovu peke yake hayaiondoi. Hapo badilisha robo ya maji na upunguze chakula. Sponji ya kuchujia inayoendeshwa na pampu hiyo hiyo husaidia sana, kwa kuwa bakteria wanaobadili amonia huishi ndani yake na wao pia wanahitaji oksijeni. Sponji isuuzwe kwa maji ya tangi lenyewe, kwani klorini ya bomba huwaua bakteria hao.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni dawa ya mbu. Pampu huvuta hewa ya chumba na kuisukuma majini pamoja na chochote kilichomo. Dawa nyingi za kupulizia, na zile za kuchoma, zina viuadudu vya jamii ya pairethroidi ambavyo ni sumu kali kwa samaki. Kabla ya kupuliza zima pampu, funika tangi, na usiiwashe mpaka chumba kimepigwa na upepo vya kutosha. Tunaijua Hadithi ya mwanamke aliyemfungia paka bila kumlisha wala kumwachia akajitafutie. Samaki tuliyemfungia kwenye vioo naye hana pengine pa kwenda kutafuta hewa.

Umeme wetu hukatika, na hapa hatari ni ya watu. Pampu ikiwekwa chini ya usawa wa maji, umeme ukikatika maji huweza kurudi kwa mpira mpaka ndani ya pampu, na umeme ukirudi mtoto yuko pale. Iweke juu ya usawa wa maji, au funga kwenye mpira ile vali ndogo ya kuzuia maji yasirudi. Waya uache uning'inie chini ya soketi kwanza kabla haujapanda kwenye plagi, ili matone yadondoke sakafuni. Chomoa plagi kabla ya kutia mkono majini. Umeme ukichelewa, teka maji kwa kikombe uyamimine kutoka juu kila baada ya muda.

Mikono inawe kwa sabuni kila baada ya kugusa tangi, na maji yake yasimwagwe kwenye karo la vyombo. Usinyonye mpira kwa mdomo wakati wa kuyatoa. Mwenye kidonda avae glavu, kwa sababu kuna bakteria aitwaye Mycobacterium marinum, wa jamii moja na yule wa kifua kikuu, anayeingia kwenye mchubuko na kuleta uvimbe mkononi wiki kadhaa baadaye. Hauponi kwa marhamu, na tiba yake mara nyingi huchukua miezi. Ukienda hospitali na uvimbe kama huo, mwambie daktari mapema kwamba nyumbani unafuga samaki, maana asipolisikia hilo anaweza kuutibu kama jipu la kawaida.

Na samaki wakifa wote, tangi limwagwe na kukaushwa siku hiyo hiyo. Wakiwa hai walikuwa wakila viluwiluwi vya mbu. Maji yaliyotulia bila samaki ni makazi ya mbu Aedes, aliyesambaza homa ya dengue Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019.