Jihadhari na kisima kilichochimbwa penye kinamasi

Je, umehamia ploti ambayo zamani ilikuwa na matete na vyura? Basi yachunguze maji unayokunywa kabla ya kusifu kodi nafuu.

Kinamasi si ardhi iliyolala bure. Maji machafu yanapopita polepole kati ya mafunjo, uchafu hutuama chini, nayo mizizi na vijidudu vya matopeni huutumia kama chakula. Mvua kubwa ikinyesha, kinamasi hufyonza maji na kuyaachilia kidogo kidogo. Anayejenga humwaga kifusi, akashindilia, kisha akachimba choo. Lakini maji ya chini hayajahama! Yangali karibu sana na uso wa ardhi, na shimo la choo likiyafikia, uchafu husafiri nayo hadi kisimani. Kutoka hapo ni kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara damu.

Jiji la Nairobi lilianza mwaka 1899 kama kituo cha reli penye ardhi ya majimaji. Mto Nairobi nao huanzia kinamasi cha Ondiri, kando ya mji wa Kikuyu ambao unazidi kupanuka.

Mnamo Aprili na Mei 2024 mafuriko yaliua watu jijini. Serikali iliamuru waliokaa kando ya mito waondoke, na tingatinga zikabomoa nyumba Mathare na Mukuru. Watetezi wa mazingira wanataka kingo zibaki wazi, na wana haki. Lakini mpangaji naye anauliza ataenda wapi kwa kodi ileile, ilhali aliyejenga na kupangisha alikwisha kupokea pesa zake. Kwa maoni yangu, huyo ndiye angeulizwa kwanza.

Kama huna budi kukaa mahali hapo, usidanganywe na maji yanayong'aa. Yachemshe hadi yatokote, au uyatie dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa, kisha uyafunike. (Kuchemsha hakuondoi kemikali za viwandani.) Kisima kilichofunikwa na mafuriko kisitumiwe mpaka kisafishwe na kutiwa dawa, hata kama maji yameshuka.

Mtoto akiharisha majimaji, changanya lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Mnyweshe kidogo kidogo mkiwa njiani kwenda zahanati, msingoje kupambazuke.