Maji ya Kehancha yapimwe Kehancha

Maji yakishachotwa kisimani kwa ajili ya kupimwa, bakteria waliomo hawasubiri gari. Wengine hufa chupani, wengine huzaana, na hesabu itakayotolewa maabarani huenda ikawa ya chupa, si ya kisima. Ndiyo sababu inashauriwa sampuli ikae kwenye baridi na ianze kuchunguzwa ndani ya saa 6, na ikichelewa sana isipite 24. Kutoka vijiji vya Kuria hadi Kehancha, kisha Migori, Rongo, Kisii na hatimaye maabara ya Kisumu, muda huo waweza kuishia barabarani, hasa mvua zikinyesha. Kwa hiyo bakteria waoteshwe huku huku.

Jambo hili si ndoto. Tangu miaka ya 1980 Chuo Kikuu cha Surrey, Uingereza, kilibuni maabara ya kubeba mkononi. Mililita 100 za maji hupitishwa kwenye kichujio chembamba, nacho hulazwa kwenye kisahani chenye chakula cha bakteria ndani ya kisanduku cha betri chenye joto la nyuzi 44. Joto hilo huwashinda bakteria wengi wa udongoni, lakini wanaotoka matumboni, kama E. coli, hustawi, na kesho yake huonekana kama madoa ya manjano. Shirika la Afya Duniani linataka E. coli asipatikane hata mmoja katika mililita hizo 100. Ila visahani vipumzishwe kwanza, walau saa moja, nje ya joto hilo. Bakteria waliodhoofika wasipopewa nafasi ya kupata nguvu, maji machafu yataonekana safi, na kosa hilo ni baya kuliko kutopima.

Watasema vumbi la nje litaharibu kipimo. Ni kweli, na dawa yake ni kuchuja pia maji yasiyo na vijidudu: yakiotesha kitu, matokeo ya siku hiyo yatupwe. Kipindupindu, ambacho kimezipiga Migori na Homa Bay zaidi ya mara moja, ni habari nyingine. Kipimo cha haraka hujibu kwa dakika, lakini dawa inayofaa hujulikana baada ya kumwotesha kimelea, na kumzidisha kijijini ni hatari. Huyo asafirishwe: katika chupa yenye rojo la kusafirishia sampuli liitwalo Cary-Blair huishi siku kadhaa bila barafu. E. coli wa kisimani hana subira hiyo.