Shuka Linaloshinda Jua kwa Ukubwa

Jua lina kipenyo cha kilomita zipatazo milioni 1.4, lakini mpiga picha yeyote aliyewahi kumsimamisha bibi harusi uani saa saba mchana anajua kuwa ni taa ndogo mno. Liko umbali wa kilomita milioni 150, na kutoka hapa duniani linachukua nusu digrii tu ya anga. Ndiyo maana kivuli cha pua huwa na ukingo mkali na macho huzama gizani. Sasa chukua shuka jeupe lenye upana wa mita 1.5, litundike mita moja kutoka usoni pa mtu, kisha uwashe balbu nyuma yake. Ukilitazama ukiwa pale alipo yeye, shuka limetanda digrii 74 hivi, zaidi ya mara 100 ya upana wa jua.

Mwanga laini, ule ambao studio za mjini huutafuta kwa softboksi za bei mbaya, hauletwi na wati za balbu. Unaletwa na ukubwa wa chanzo kama kinavyoonekana kutoka pale alipo anayepigwa picha. Chanzo kikiwa kidogo, kila sehemu ya shavu ama inakiona ama haikioni, na mpaka wa nuru na kivuli unakuwa mstari. Kikiwa kikubwa, kuna sehemu inayokiona chote, nyingine nusu, nyingine pembe yake tu. Kivuli kinaingia taratibu. Shuka lilelile ukilisogeza hadi mita tatu linabaki na digrii 28, na vivuli vinaanza kukaza tena. Wengi hulisogeza mbali kwa kumwonea huruma aliyekaa, wakati huruma ya kweli ni kulileta karibu.

Vifaa vyenyewe viko nyumbani: kamba ya kuanikia nguo, vibanio, na balbu kwenye holda iliyofungwa juu ya mpini wa fagio uliosimikwa kwenye ndoo ya mchanga. Balbu isigusane na kitambaa wala kukikaribia mno, maana itawasha doa dogo katikati, na hapo chanzo chako ni lile doa, si shuka zima. Irudishe nyuma mpaka nuru ifike kwenye pindo zote. Tumia LED, taa za halojeni za wati 500 zinaweza kuunguza kitambaa. Khanga haifai, hata iwe na jina zuri namna gani, kwa sababu rangi zake zitahamia usoni.

Kwa ngozi nyeusi, ukubwa huu wa chanzo una kazi ya ziada. Mwanga ukifika kwenye ngozi hugawanyika. Asilimia chache hurudi papo hapo kutoka juu ya ngozi bila kuingia ndani. Huo ndio mng'ao, na hautegemei weusi wala weupe wa mtu. Sehemu inayobaki huingia, hutawanyika ndani ya ngozi, na inayofanikiwa kutoka hubeba rangi ya ngozi na ya damu iliyo chini yake. Melanini hufanya kazi yake hapa: inanyonya. Kwa hiyo ngozi yenye melanini nyingi hurudisha kidogo kutoka ndani, na mng'ao wa juu unapata uzito mkubwa zaidi katika picha. Balbu tupu huacha alama ndogo nyeupe inayochoma kwenye paji la uso, na watu hukimbilia poda. Shuka, kwa kuwa ni pana, mng'ao wake huenea kwa upole na kuuchora mfupa wa shavu, taya na shingo. Mimi naona poda nyingi hupakwa kutibu kosa la taa. Liweke shuka ubavuni, mbele kidogo ya bega, uone umbo la uso linavyojitokeza.

Kamera nayo haijui anayepigwa ni nani. Kipimo chake cha mwanga hukisia kuwa vyote vilivyo mbele yake, vikichanganywa, ni kijivu cha wastani. Mtu mweusi akikaa mbele ya ukuta mweupe, kamera inaona weupe mwingi, inapunguza mwanga, na uso unafifia. Kwenye simu, gusa uso, kisha upandishe au ushushe mwanga mwenyewe.

Ukuta huo unaweza kuufanya mweusi bila kununua pazia. Mwaka 1604 Johannes Kepler aliandika kuwa nuru itokayo kwenye nukta hupungua kwa mraba wa umbali: umbali ukiwa mara mbili, inabaki robo. Uso ukiwa nusu mita kutoka kwenye taa ndogo, na ukuta mita mbili, ukuta unapata sehemu 1 ya 16 tu na kugeuka kijivu kizito. Shuka si nukta, hivyo halitii hesabu hii sawasawa, na chumba cheupe hurudisha nuru kutoka kila upande. Hata hivyo mwelekeo ni uleule: msogeze mtu kwenye shuka, mtenge na ukuta. Ubavu wa pili unahitaji manila nyeupe tu ya kurudisha nuru kidogo. Ukitaka uso mkali zaidi, weka manila nyeusi.

Pa kutumia fedha ni kwenye balbu. LED nyeupe nyingi ni kichipu cha buluu kilichofunikwa unga unaogeuza sehemu ya buluu hiyo kuwa njano. Nyingi za bei nafuu zina upungufu wa wekundu, na ngozi bila wekundu hufanana na ya mgonjwa. Kwenye boksi tafuta herufi CRI, kipimo cha jinsi taa inavyoonyesha rangi, na namba ya 90 au zaidi. Hata namba hiyo ina ujanja: ni wastani wa rangi nane hafifu, na wekundu uliokolea, unaoitwa R9, haumo. Mtengenezaji anayeiandika R9 yenyewe ana uhakika na bidhaa yake. Usichanganye balbu ya njano ya kelvini 2,700 na nyeupe ya 6,500, maana kamera hurekebisha rangi ya moja tu. Ukiona mistari inapita kwenye picha, ni umeme wetu wa hezi 50 unaoipepesa balbu mara 100 kwa sekunde. Weka shata kwenye 1/50 au 1/100.

Kuhusu taa ya duara, inayouzwa kila mahali: inazunguka lenzi, hivyo vivuli hujificha nyuma ya vitu vyenyewe. Yafaa kwa kucha na vipodozi. Uso huutoa bapa.

Taa isiyo na bili bado ni dirisha. Seydou Keïta, aliyefungua studio yake Bamako mwaka 1948, alipiga picha zake nyingi uani kwa mwanga wa mchana, na pazia lake la kwanza lilikuwa shuka la kitandani mwake. Vitabu vya Ulaya husema dirisha zuri ni la kaskazini, ambako jua halipiti. Dar es Salaam iko karibu digrii 7 kusini ya ikweta, na ushauri huo ni sahihi kwa sehemu tu ya mwaka. Mwezi Juni jua la saa sita liko upande wa kaskazini, digrii 60 kutoka upeo wa macho. Desemba limehamia kusini. Kwa hiyo Juni tumia dirisha la kusini, Desemba la kaskazini, na Nairobi ni vivyo hivyo. Mpangaji mwenye dirisha moja la mashariki apange kazi zake alasiri. Mwenye la magharibi, asubuhi.