Mcheza Kwao Hutuzwa: Maelezo juu ya Uamuzi wa Maonyesho ya Jukwaani Mombasa Bara

Utangulizi

Methali isemayo "Mcheza kwao hutuzwa" hutumiwa siku hizi kumweleza mtu aliyefanikiwa miongoni mwa jamaa zake. Aghalabu tunasahau kwamba, kabla ya kuwa sitiari, maneno haya yalihusu ngoma yenyewe. Yanataja mchezaji, yanataja mahali anapochezea, na yanataja hukumu anayopewa. Kwa maneno mengine, methali hii ni nadharia fupi ya uamuzi wa sanaa.

Shabaha ya makala haya ni kueleza jinsi maonyesho ya ngoma, nyimbo na sarakasi yanavyoamuliwa mbele ya hadhira tatu zinazopatikana Likoni, Kisauni na Changamwe: hadhira ya uwanjani, hadhira ya hotelini, na hadhira ya tamasha la shule. Hoja yetu ni kwamba kila hadhira ina kipimo chake, na kwamba kipimo kisichoyajali maneno ya wimbo hatimaye huubadili wimbo wenyewe.

Kuamua na kutuza

Yafaa kwanza tuyatazame maneno mawili. Kitenzi kuamua kina maana ya kutoa hukumu, lakini pia kina maana ya kuwatenganisha watu wanaopigana. Mwamuzi wa asili, basi, ni yule anayeingia kati ya wagombanao, naye hawezi kuwaamua bila kuelewa wanagombania nini. Kitenzi cha pili ni kutuza, ambacho wengine hukitamka kutunza. Anayetuza hampi mchezaji cheo. Humpa kitu mkononi, papo hapo, mbele za watu, na kila aliyepo huona ni nani aliyetoa, alitoa kwa nani, na alitoa wakati gani.

Neno "wakati" lina uzito hapa. Katika taarabu ya arusini, mwenye kutuza hainuki ovyo. Husubiri ubeti unaomgusa, au ule anaotaka umguse mwenziwe, ndipo hujongea na fedha zake. Kwa kitendo hicho hutoa hukumu mbili kwa pamoja: kwamba mwimbaji ameimba vyema, na kwamba maneno yamefika yalikokusudiwa.

Hukumu ya uwanjani

Katika ngoma za Pwani, hukumu haikaliwi kando. Tuchukue sengenya, ngoma ya Wadigo na Waduruma, ambayo huvuma upande wa Likoni na kusini yake. Zumari huongoza, chapuo na bumbumbu hujibu, na upatu hushika mwendo. Mtazamaji aliyeridhika hupiga kigelegele, huingia duarani au huitikia. Asiyeridhika hunyamaza, hurudi nyuma, au huzomea. Mpigaji mwerevu huusoma uso wa hadhira na kubadili mwendo kabla duara halijalegea. Hivyo mwamuzi na mwamuliwa huzungumza muda wote wa mchezo.

Mashindano makubwa nayo yaliamuliwa vivyo hivyo. Vyama vya beni, vilivyochipuka katika mwambao wa Kenya miaka ya 1890, vilishindana kwa sare, gwaride, karamu na nyimbo za kujibizana. Baadaye vyama vya lelemama vya wanawake wa Mombasa, kama vile Ibinaal Watan na Banu Saada, viliuendeleza ushindani huo. Hapakuwa na meza ya waamuzi. Mji ndio uliosema ni nani aliyeshinda, na mara nyingi ulisema kwa kuzikariri nyimbo za upande mmoja kuliko za upande wa pili.

Hata hivyo, isidhaniwe kwamba hukumu ya uwanjani ni ya haki siku zote. Mwenye jamaa wengi hupigiwa vigelegele vingi, na mwenye fedha hutuza akasikika kuliko mwenye ujuzi asiye na kitu. Methali yetu yenyewe ina upande wake wa giza: ikiwa mcheza kwao hutuzwa, mgeni hupewa nini? Swali hili lina maana ya pekee Changamwe, ambako bandari, reli, na kiwanda cha kusafishia mafuta kilichoanza kazi mwaka 1963, viliwakusanya watu kutoka pembe nyingi za nchi. Isukuti ya Waluhya ikichezwa hapo, baadhi ya watazamaji huwa wako kwao, na walio bega kwa bega nao huwa ni wageni. Duara ni moja, lakini mna hadhira mbili ndani yake.

Hukumu ya mwenye ukumbi

Ili tuielewe hadhira ya pili, na tuangalie kwanza mfano wa mbali. Nchini Marekani, tangu miaka ya 1880 hadi miaka ya 1930, yalistawi maonyesho ya vodevili, ambamo jioni moja ilijaa waimbaji, wachekeshaji, wanasarakasi na wafanya mazingaombwe, kila mmoja akipewa dakika zake. Kulikuwa na waamuzi wa namna mbili. Wa kwanza alikuwa umma: katika usiku wa wasanii chipukizi, watu waliweza kumzomea mtu hadi akaondolewa jukwaani. Desturi hiyo iliendelea katika ukumbi wa Apollo, Harlem, ambako Ella Fitzgerald alishinda mwaka 1934 akiwa na umri wa miaka 17. Wa pili alikuwa meneja. Katika kumbi za B. F. Keith, meneja alitazama kila tendo mwanzoni mwa juma, kisha akapeleka ripoti: lilichukua dakika ngapi, lilishangiliwa kiasi gani, na kama lilistahili kuendelea.

Afrika ya Mashariki nayo ilipata maonyesho yaliyokaribiana na hayo. Jijini Dar es Salaam, katika miaka ya 1990, vikundi vya Muungano na Tanzania One Theatre vilichanganya ngoma, taarabu, vichekesho na sarakasi katika onyesho moja, vikishindania watazamaji. Lakini huko mtazamaji alibaki na uwezo wa kuinuka na kutuza. Lugha ilikuwa yake.

Katika hoteli za ufukweni za Nyali, Bamburi na Shanzu, hali ni nyingine. Baada ya chakula cha jioni, kikundi huwachezea wageni ngoma za Wagiriama, kikaongeza sarakasi, na pengine mchezo wa moto. Wageni hupiga makofi kwa adabu, ila kura iliyo na nguvu ni ya meneja, maana ndiye anayemwita msanii tena juma lijalo. Kwa kuwa msikilizaji hayajui maneno, hakuna faida ya kutunga maneno mapya. Kiitikio hurudiwa, beti hupunguzwa, na mrukaji hupewa nafasi ya mtungaji. Hatuwalaumu wasanii hao. Wanalitafuta riziki lao mahali lilipo. Tunachosema ni kwamba kipimo kimekwisha kuuchonga mchezo.

Hukumu ya mezani

Hadhira ya tatu ni ya tamasha. Tamasha la Muziki la Kenya lilianza mwaka 1927, na baadaye likafungua milango kwa nyimbo na ngoma za Kiafrika. Hapa pana jukwaa, saa, karatasi ya alama, na waamuzi waliokaa mezani. Faida zake ni dhahiri. Mtoto wa maskini hupimwa kwa karatasi ile ile anayopimiwa mtoto wa tajiri, vigelegele vya jamaa haviongezi alama, na mwamuzi huwapa washiriki maelezo yatakayowasaidia kurekebisha kazi yao.

Lakini mfumo huu una kinaya ambacho hakijatazamwa ipasavyo. Kikundi kinachoshinda katika eneo lake hupanda ngazi hadi kufikia taifa zima. Maana yake ni kwamba kila kikishinda, husogea mbali zaidi na kwao. Thawabu ya mcheza kwao imekuwa ni kuhamishwa kwao.

Na tuchukue mfano wa kubuni. Shule moja ya Likoni imeandaa wimbo wa sengenya kwa Kidigo, unaomsuta mzee aliyekata mnazi wa babu yake. Msikilizaji wa Likoni atajua mara moja kwamba mnazi huo ni fumbo: ni ardhi ya ukoo iliyouzwa kwa siri. Kwa sababu hiyo, neno mnazi linapofika, wapigaji hupunguza ngoma na kiongozi hulivuta neno ili likae masikioni. Uwanjani, hapo ndipo vigelegele vingepasuka. Mezani, mwamuzi asiyejua Kidigo anasikia wimbo wa kilimo, na anapoona mwendo umelegea ghafla, anaandika kwamba wapigaji walipoteza mapigo. Kilele cha sanaa kimehesabiwa kuwa dosari.

Mwaka unaofuata, mwalimu atafanya nini? Kwa kuwa anataka wanafunzi wake washinde, ataondoa ule mpunguo wa ngoma, ataongeza mizunguko na mavazi, na atateua maneno mepesi. Wanafunzi wataicheza sengenya bila kujifunza kufumba wala kufumbua. Watakuwa wameshika viungo vya ngoma na kuukosa ulimi wake.

Mapendekezo

Dawa si kuivunja meza na kurudi uwanjani, kwa maana tumeona kwamba uwanja nao una upendeleo wake. Dawa ni kumpa mwamuzi njia ya kuwa mwenyeji, walau kwa muda wa wimbo mmoja.

Kwanza, kila kikundi kiandike maneno ya wimbo wake kwa lugha ya asili, pamoja na tafsiri ya Kiswahili na ufafanuzi wa mafumbo, na mwamuzi ayasome kabla ya pazia kufunguliwa. Pili, miongoni mwa waamuzi awepo mmoja aijuaye lugha ya wimbo. Asipopatikana, mzee wa jamii hiyo aalikwe kama mshauri. Tatu, maneno yawe na fungu lao la alama, lisilofichwa ndani ya fungu la sauti. Nne, nyimbo hizo zilizoandikwa zihifadhiwe, kwani baada ya miaka michache zitakuwa hazina kubwa kwa watafiti wa fasihi simulizi.

Pendekezo la kwanza halihitaji fedha nyingi, na idara za Kiswahili na lugha za Kiafrika zinaweza kulisaidia kwa kuwatuma wanafunzi wao Likoni, Kisauni na Changamwe kuandika na kutafsiri pamoja na walimu wa huko. Mwanafunzi atakayeifanya kazi hiyo atajifunza mengi kuhusu lugha, naye mwamuzi atakayeipokea ataweza kulipa neno mnazi alama linazostahili.