Kwa nini wimbo wa zamani ulioomba haupatikani redioni?

Ujumbe wa wasikilizaji wa Nachingwea na Ruangwa mara nyingi unafanana: "Mtangazaji, tupigie ule wimbo wa bendi yetu ya hapa, walirekodi Radio Tanzania." Mara nyingi ninaishia kuomba radhi. Sababu ni hii.

Walirekodi wapi?
Enzi za muziki wa dansi, bendi nyingi za mikoani zilirekodi katika studio ya Radio Tanzania, Dar es Salaam. Kwa bendi za Kusini safari hiyo ilikuwa kazi, maana Daraja la Mkapa pale Rufiji lilifunguliwa 2003 tu. Studioni walipiga wote kwa pamoja, wimbo ukaingia kwenye mkanda, mkanda ukabaki redioni.

Tatizo liko wapi?
Filamu ya Muscle Shoals (2013) inaonyesha mji mdogo wa Alabama, Marekani, ambako Aretha Franklin na Wilson Pickett walirekodi muziki wa soul. Nyimbo zile zilitolewa kwenye santuri, zikauzwa dunia nzima. Santuri moja ikivunjika, nyingine ipo. Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro naye tunamsikia hadi leo kwa sababu nyimbo zake zilitolewa kwenye santuri Kenya.

Wimbo uliobaki kwenye mkanda mmoja hauna bahati hiyo. Mkanda ni plastiki iliyopakwa unga wa chuma kwa gundi. Unyevu na joto vikiingia, gundi inalegea, unga unabanduka, na sauti inakwenda nao. Filamu ya Wahenga, ya Amil Shivji na Rebecca Corey, inamfuata mwanamuziki mkongwe John Kitime katika juhudi za kuufufua muziki huo.

Wewe ufanye nini?
Huenda kaseti ya babu iliyorekodiwa kutoka redioni ndiyo nakala pekee iliyobaki.

- Usiianike juani wala kuiweka jirani na spika.
- Vunja vile vipembe viwili vya juu, mtu asije akarekodi juu yake.
- Kabla ya kuipiga, izungushe taratibu kwa kalamu. Ikigoma, usilazimishe.
- Ikicheza vizuri, irekodi kwenye simu mahali patulivu, kisha tunza nakala kwenye simu mbili.
- Andika jina la bendi, mwimbaji na mwaka, wazee wakiwa bado wapo wa kuwauliza.

Ukiwa nayo, tuambie. Safari hii sisi ndio tunaoomba wimbo kwako.