Pima tezi kabla ya kuhesabu farasi

Maji yalikuwa yametoka mbali, na mashua ya futi 30 ilikuwa imelalia ubavu kwenye mchanga wa Bagamoyo. Mwenyewe, nahodha mtu mzima aliyerithi chombo hicho kwa baba yake, alikuwa amesimama kando, fedha zimeshapatikana na shauri ameshalikata: anataka mashine ya nguvu za farasi 40. Ile yake ya 15 ilimfia baharini wakati wa kusi, akarudi kwa tanga na kasia huku barafu ikimwishia juu ya samaki. Safari hii hataki tena mashine ndogo.

“Shikamoo nahodha,” fundi alimwamkia.

“Marahaba, mwanangu. Nitazamie hapa, nikanunue ile ya 40 kesho.”

Fundi hakujibu. Alichukua nyundo, akaugonga ubao wa tezi kwa mpini. Upande wa juu ulitoa sauti kavu ya mti mzima. Alipofika pale vibanio vya mashine vilipouma kwa miaka mingi, sauti ikageuka, ikawa nzito kama ya gunia la mchele. Akachomoa kisu, akasukuma ncha. Kikazama hadi nusu bila kulazimishwa, kama anachoma papai.

“Nahodha wangu,” alisema taratibu, “hiyo mashine utaifunga wapi?”

Swali hilo nimelibeba tangu siku ile, kwa sababu wavuvi wengi hulikuta baada ya kununua. Mtu huchagua mashine dukani kwa jina, kwa rangi, au kwa kuwa jirani anayo, kisha huja nayo pwani kutafuta namna ya kuipachika kwenye chombo kilichojengwa kabla hajazaliwa. Mimi nasema mpangilio huo ugeuzwe. Chombo ndicho kinachochagua mashine, na kazi ya mwenye chombo ni kukisikiliza.

Tuanze na tezi. Mashua nyingi kuukuu za pwani yetu ziliundwa kwenda kwa tanga, na ubao wa tezi haukukusudiwa kubeba chuma kinachotetemeka saa tano kwa siku. Mashine ya 15 ya kuchanganya oili ina uzito wa kilo 40 hivi. Ya 40 inapita kilo 70. Uzito huo unaning'inia nyuma kabisa, unavuta kila wimbi linapopita, na mtetemo wake hulegeza misumari na kuchokoza kalafati. Chombo kikikalia tezi, omo hunyanyuka, na siku nahodha akipunguza mwendo ghafla, wimbi la nyuma humpandia ndani. Ubao uliooza utolewe wote, uwekwe wa mninga au mvule, uungwe kwenye mataruma ya pembeni na kukazwa kwa bolti zinazopenya upande wa pili. Gharama yake ni ndogo ukiilinganisha na mashine iliyong'oka na kuzama kilindini.

Baada ya hapo ndipo utepe wa kupimia unafunguliwa. Pima kutoka ukingo wa juu wa tezi, pale mashine itakapokaa, hadi chini kabisa ya chombo. Mashine hutengenezwa kwa miguu ya urefu tofauti: mfupi ni wa tezi ya inchi 15, mrefu ni wa inchi 20, na upo wa inchi 25. Lile bamba pana lililo juu ya propela linatakiwa liwe sawa na chini ya chombo, au lishuke kidogo, kama inchi moja. Mguu ukiwa mfupi, propela hula hewa kila wimbi linapoinua tezi. Mashine hupiga kelele na chombo hakiendi. Ukiwa mrefu kupita kiasi, unakokota maji bure na kutafuta miamba wakati wa kuingia bandarini. Nimeona mashine nzuri ikilaumiwa miezi mingi, kumbe kosa ni inchi tano ambazo hakuna aliyezipima.

Sasa tuje kwenye farasi, maana hapo ndipo fedha inapopotelea. Mashua ya mbao yenye mkuku na tumbo la mviringo hupasua maji. Haipandi juu yake kama boti nyepesi ya faiba. Chombo cha aina hiyo kina ukomo wa mwendo unaotokana na urefu wake. Kinapoongeza kasi hutengeneza wimbi omoni na jingine tezini, na kikifika ukomo huwa kimekaa ndani ya shimo alilolichimba mwenyewe nahodha kwa mashine yake. Kwa mashua ya futi 30, ukomo huo ni kilomita 13 hivi kwa saa. Ukiongeza nguvu hapo, tezi huzama zaidi na petroli huungua zaidi, lakini kisiwa hakikaribii.

Mashine ya 15 yenye propela inayofaa huifikisha mashua ya tani mbili tatu karibu sana na mwendo huo bahari ikiwa tulivu. Mwenye chombo kizito zaidi, au anayevuka mkondo mkali wakati wa kusi, ana haki ya kutafuta akiba ya nguvu, na 25 inaweza kumtosha. Ile ya 40 ina kazi yake halali kwenye boti ya faiba iliyoundwa kukimbia. Kwenye mashua ya baba yake nahodha wetu, ingekuwa mzigo.

Hesabu ya mafuta inaonesha hivyo. Mashine ya 15 ikifunguliwa mwisho hunywa lita sita hivi kwa saa. Ya 40 huweza kupita lita 15. Chukua safari ya saa mbili kwenda na mbili kurudi: lita 24 kwa moja, zaidi ya 60 kwa nyingine. Kwa safari 20 za mwezi, tofauti ni zaidi ya lita 700. Zidisha kwa bei ambayo EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza kila mwezi, uone kilichobaki. Na pwani mafuta hukatwa kwanza, kabla ya mgawo. Kwa hiyo anayeumia si tajiri wa chombo peke yake. Baharia aliyevuta nyavu usiku kucha naye anapeleka nyumbani kidogo.

Atakayesema kwamba mwenye mashine kubwa anaweza kupunguza gesi, amesema kweli. Mwongozo wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) wa mwaka 2012 kuhusu kubana mafuta kwenye boti ndogo za uvuvi, ulioandikwa na Øyvind Gulbrandsen, unatia mkazo jambo hilo hilo la kupunguza mwendo. Kwa chombo kinachopasua maji, ukishusha mzunguko wa propela kwa sehemu moja ya tano, nguvu inayohitajika hushuka hadi karibu nusu. Lakini aliyenunua farasi 40 ili atumie 12 ameshalipia zile nyingine, na tezi inazibeba kila siku.

Lipo pia swali la aina. Mashine za mipigo miwili, zile za kuchanganya petroli na oili, ndizo zilizozoeleka kwenye fukwe zetu. Ni nyepesi, zina vitu vichache vya kuharibika, na fundi wa kijijini anazifungua bila wasiwasi. Ubaya wake ni ulafi: robo ya petroli inaweza kutoka na moshi bila kuungua, ikaingia baharini. Ndiyo maana za kabureta zimeondolewa katika masoko ya Marekani na Ulaya. Za mipigo minne hutumia mafuta kidogo na moshi wake ni mdogo, ila ni nzito zaidi, hata ya 15 huongeza kilo kumi hivi, na zinadai oili ibadilishwe kwa wakati, kwa kawaida kila saa 100 za kazi. Wavuvi wetu hubeba mashine begani kwenda kuilaza ndani kwa kuhofia wezi. Ya mipigo minne ikilazwa ubavu usiofaa, oili hupanda kwenye silinda. Anayeichukua ajue upande wa kuilaza, na awafundishe vijana wake.

Jambo jingine ni spea. Kampuni ya Evinrude ilianza kuuza mashine za nyuma ya boti mwaka 1909 kule Milwaukee, Marekani, na mwaka 2020 kampuni ya BRP, iliyokuwa ikimiliki jina hilo, ikatangaza kuacha kuzitengeneza. Jina kubwa halina ahadi ya milele. Kabla hujalipa, muulize muuzaji akuoneshe impela ya pampu ya maji, plagi na propela za mashine hiyo hapo hapo kaunta. Asipokuwa nazo leo, hatakuwa nazo siku umekwama. Propela nayo uichague: chombo kizito kinataka yenye msokoto mdogo, kama lori linavyotaka gia ndogo mlimani.

Ukinunua iliyotumika, usiridhike na rangi. Itumbukize kwenye pipa la maji, iwashe dakika kumi, utazame kama inakojoa vizuri, yaani maji ya kupozea yanatoka kwa nguvu bila kukatika. Fungua oili ya giaboksi. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Linganisha namba ya mashine na stakabadhi, maana mashine inayouzwa kwa haraka huenda imeibwa kwa mvuvi mwenzako.

Ikiwa mpya na ni ya kuchanganya, saa kumi za mwanzo mashine nyingi huhitaji lita moja ya oili kwa lita 25 za petroli, kisha moja kwa 50. Kitabu chake ndicho cha kufuata. Oili iwe ya boti, yenye alama ya TC-W3. Ya bodaboda haifai. Na kila urudipo, isafishe kwa maji baridi, kwa kuwa chumvi hufanya kazi usiku wewe umelala. Tanga nalo libaki chomboni, kwa siku mashine itakapozima.

Nahodha yule alikuna ndevu, akautazama ubao wake kwa muda mrefu. Wiki ile alitumia sehemu ya fedha kubadilisha tezi nzima, akanunua mashine ya 25 yenye mguu mrefu, na iliyobaki akaweka kwa ajili ya impela, plagi na propela ya akiba.

Nawaomba wenye vyombo, na pia vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi (BMU) na vyama vya akiba vinavyowakopesha wavuvi: mkopo wa mashine usitoke kabla fundi hajafika pwani kupima. Utepe, nyundo na kisu vinatosha, na kazi yenyewe inaisha kabla maji hayajajaa.